Daraja la Tor: ni nini hasa kinachoifichua seva yako?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Wiki tatu zilizopita nilikodi seva ndogo nikaweka daraja la Tor, ule mtandao unaoficha anayeutumia; ni la aina ya obfs4, inayoficha trafiki, ili watu waliofungiwa intaneti wapate pa kupitia. Linafanya kazi na limeanza kupata watumiaji. Juzi nikaingia kwenye ukurasa wa takwimu za Tor nikakuta jina la daraja langu limeandikwa pale, mtu yeyote analiona. Nilishtuka, maana nilielewa kwamba daraja ni siri. Je, seva yangu imeshajulikana? Nifanye nini isijulikane? Nikujulishe pia kwamba seva hiyo hiyo ndiyo inayobeba tovuti yangu ndogo yenye jina langu kamili.

Jibu: Ndugu yangu, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kazi uliyoianza. Kuna mtu ambaye leo amefungua ukurasa aliokuwa amenyimwa, na amepita kwako bila kukujua. Kwa sababu hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Tuanze na kilichokushtua. Ulichokiona pale hakijavuja kwa bahati mbaya. Mradi wa Tor hupokea maelezo kamili ya daraja lako, kisha huyachuja kabla ya kuyatoa hadharani. Anwani halisi ya IP huondolewa na mahali pake huwekwa anwani ya bandia inayoanza na 10. Alama ya utambulisho ya daraja, ile yenye herufi na tarakimu 40, hupitishwa kwenye hesabu ya hashi, hivyo anayeiona hawezi kurudi nyuma akaipata ile ya asili. Jina lenyewe halichujwi. Uliloliandika kwenye mstari wa Nickname wa faili la mipangilio ndilo linalobaki pale.

Kwa hiyo nami nina swali kwako: jina hilo linasema nini? Tor inaruhusu herufi na tarakimu tupu, zisizozidi 19, na nimeona watu wakichukua jina la tovuti yao, wakaondoa nukta, wakalibandika. Mtu mwenye jina hilo mkononi hahitaji tena anwani ya IP, kwa kuwa anairudisha nukta mahali pake, anauliza DNS, daftari la majina ya intaneti, na jibu ni seva yako. Ukiacha mstari huo mtupu daraja litaitwa Unnamed, sawa na mengine mengi, na hilo halina ubaya wowote. Mstari wa ContactInfo nao uandike kama kitu kitakachosomwa na kila mtu. Anwani ya barua pepe ni vizuri iwepo ili watu wa Tor waweze kukuambia daraja likiharibika, lakini iwe ya kazi hiyo tu, isiyotumika popote pengine.

Sasa tuone siri yenyewe ni ipi. Rilei za kawaida za Tor, yaani seva zinazopitishiana trafiki ya watumiaji, hazifichwi. Kila saa seva tisa za mamlaka ya orodha hukubaliana juu ya orodha moja yenye anwani za rilei zote, na yeyote duniani anaweza kuipakua. Anayetaka kuifunga Tor anaipakua orodha hiyo na kuzifunga anwani zilizomo. Daraja ni rilei isiyoandikwa humo. Maelezo yake huenda kwenye seva moja maalumu iitwayo Serge, kisha mfumo uitwao rdsys huyagawa kidogo kidogo: kwa tovuti, kwa barua pepe, kwa Telegram, au ndani ya kivinjari cha Tor chenyewe. Mzuiaji naye anaweza kujifanya mtumiaji, akaomba, akapewa mawili matatu. Mfumo umejengwa ukilijua hilo, na ndiyo maana unagawa kwa kibaba. Lengo ni kila daraja analolipata limgharimu muda na jasho. Kazi yako wewe ni kuhakikisha hapati njia ya mkato, na kwa miaka niliyoendesha madaraja sijaona hata mara moja njia hiyo ikitoka ndani ya obfs4. Hutoka kwenye vitu vilivyokaa pembeni yake.

Cha kwanza, na kikubwa kuliko vyote, ni poti ya ORPort, poti ikiwa ni mlango wenye namba ambao programu hupokelea miunganisho.

Wanaofunga mtandao hawakai tu wakitazama trafiki inavyopita. Wao wenyewe hupiga hodi. China ilionekana ikifanya hivyo dhidi ya madaraja ya Tor tangu mwaka 2011. Mtu akiunganishwa na seva wanayoitilia shaka, muda mfupi baadaye mashine yao nayo inaunganishwa na seva ile ile, inaongea Kitor, na ikiitikiwa, anwani inafungwa. obfs4 ilitengenezwa kuzuia hilo hasa. Mstari wa daraja anaopewa mtumiaji una kipande kilichoandikwa cert=, na humo kuna ufunguo wa umma wa seva. Anayekuja bila kuujua ufunguo huo hawezi kuandika salamu za mwanzo zinazokubalika, na seva haimjibu neno. Amepiga hodi kwenye nyumba isiyoitika. Hata data zinazopita zinaonekana kama baiti zilizokorogwa ovyo, hazina dalili ya itifaki yoyote.

Basi hapo mtu anaridhika na kulala. Lakini nyumba hiyo ina mlango wa pili. Daraja la obfs4 likiwekwa kwa mtindo wa zamani linafungua pia ORPort, poti ya Tor ya kawaida isiyofichwa na chochote. Mlango huo ukipigiwa hodi unaitika, na katika salamu za mwanzo seva inatoa vyeti vyake vya Tor, ambavyo humwezesha mgeni kuikokotoa alama ya utambulisho yote kamili, ile ile ambayo ukurasa wa takwimu ulijitahidi kuificha. Mwaka 2013 ilitoka programu iitwayo ZMap, inayoweza kukagua poti moja kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi. Walioitengeneza walionyesha wakati huo huo kwamba ukaguzi wa namna hiyo kwenye poti mbili tu, 443 na 9001, ulitosha kuyafichua madaraja mengi sana ya wakati ule. Tangu hapo huduma kama Shodan na Censys zinakagua intaneti nzima mfululizo na kuuza majibu. Mzuiaji hana haja hata ya kuwa na ZMap yake.

Kwa hiyo ingia kwenye seva yako sasa hivi uandike:

ss -tlnp

Tazama safu ya anwani. Ukiona mstari wa tor wenye 0.0.0.0 au [::] mbele ya namba ya poti, mlango huo unasikiliza dunia nzima. Ukiona 127.0.0.1, ni seva yenyewe tu inayousikia. Poti ya obfs4 lazima iwe wazi kwa dunia, kwa kuwa ndiyo wanayoingilia watu. ORPort haina sababu ya kuwa hivyo, kwa maana programu ya obfs4 inazungumza na tor ndani kwa ndani. Kwenye torrc, faili la mipangilio ya tor, weka:

BridgeRelay 1
ORPort 127.0.0.1:auto
AssumeReachable 1
ExtORPort auto

Kisha mistari yako ya ServerTransportPlugin na ServerTransportListenAddr ibaki kama ilivyokuwa. AssumeReachable ni muhimu hapo, maana kwa kawaida tor hujaribu kuifikia ORPort yake kutoka nje, na ikishindwa hukataa kujitangaza. Mtindo huu ndio uliomo kwenye mwongozo rasmi wa madaraja ya WebTunnel, ambayo nitayagusa baadaye. Baada ya siku moja mbili hakikisha daraja bado linaonekana kwenye takwimu na bado linapata wageni.

Neno moja kuhusu ngome ya seva, ile inayoamua poti ipi ipitike. Watu huweka kanuni zao zote upande wa IPv4 na kusahau kwamba seva ina anwani ya IPv6 pia, na huko kila kitu kiko wazi. Angalia pande zote mbili.

Na poti ya obfs4 yenyewe iwe ipi? Isiwe 9001, hilo halina mjadala. Namba hiyo inajulikana kuwa ya Tor kiasi kwamba wengine huikagua hiyo kabla ya nyingine. Wengi hupenda 443, kwa sababu kuna mitandao ya ofisi na shule isiyoruhusu kitu kingine kutoka. Sababu hiyo ni nzuri, na ukitaka poti ya chini ya 1024 utahitaji kuipa programu ya obfs4 ruhusa hiyo kwa amri ya setcap na kubadili NoNewPrivileges kuwa no kwenye huduma ya tor ya systemd. Lakini fikiria mpelelezi anayeuliza poti ya 443 akitarajia tovuti, kisha anakutana na ukimya. Ukimya kwenye 443 ni kitu cha ajabu, ilhali kwenye poti ya juu iliyochaguliwa bila mpangilio hauna cha ajabu. Mimi kwa obfs4 huchagua poti ya juu, na 443 naiachia WebTunnel.

Tuje kwenye tovuti yako iliyomo kwenye seva hiyo hiyo. Hapa nakuambia waziwazi: tenganisha. Tor haijakosea kitu hapo, ila anwani moja ya IP sasa inabeba mambo mawili yanayosimulia habari za kila mmoja. Mzuiaji akilipata daraja kwa njia ya halali kabisa, yaani kwa kuomba kama mtumiaji, atauliza ni nini kingine kiko kwenye anwani hiyo, na atakuta tovuti yenye jina lako kamili. Kwa upande wa pili, siku daraja litakapofungwa katika nchi fulani, tovuti yako itafungwa pamoja nalo, na wasomaji wako wa huko watapotea bila kujua kwa nini. Angalia pia rekodi ya DNS ya kinyume, ile inayotoa jina kutoka kwenye namba. Kampuni nyingi zinazokodisha seva huijaza zenyewe kwa kuchukua jina uliloipa mashine siku ya kwanza. Kama mashine uliiita daraja au tor-1, neno hilo linasomeka na yeyote anayeiuliza anwani hiyo jina lake.

Cheti cha TLS, kile kinachoiwezesha tovuti kufunguka kwa https, nacho kina lake. Kila cheti kinachotolewa na Let's Encrypt na watoa vyeti wenzake huandikwa kwenye daftari za hadharani, na tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome hakikubali cheti kipya kisichoandikwa humo. Maana yake ni kwamba ukifungua kikoa kidogo ukakiita webtunnel au bridge na kukiombea cheti, jina hilo litakuwa hadharani ndani ya dakika chache hata kama hujamwambia mtu yeyote. Kuna watu wanazisoma daftari hizo mchana kutwa wakitafuta maneno. Tumia jina la kawaida lisilo na maana yoyote, au chukua cheti cha nyota kinachofunika vikoa vidogo vyote bila kuvitaja.

Kwa kuwa nimeigusa WebTunnel, nieleze. Ilitangazwa rasmi Machi 2024. Badala ya kuonekana kama baiti zisizo na sura, daraja lake linaonekana kama tovuti ya HTTPS, na kweli kuna tovuti pale. Anayeifungua anakuta kurasa za kawaida, na anayeijua njia ya siri ndani ya kiungo ndiye anayeingizwa kwenye Tor. Faida yake ilionekana zaidi baada ya China, mwezi Novemba 2021, kuanza kukata miunganisho inayoonekana kuwa imefichwa tangu baiti ya kwanza. Kule, kutokuwa na sura kumekuwa dalili. Ukiichagua njia hii, kitu cha kulinda ni ile njia ndani ya kiungo. Ifanye ndefu, ya herufi zilizokorogwa, isiyokisika.

Lakini WebTunnel ina mtego ambao obfs4 haina, na huu unawagusa watumiaji wako kuliko unavyokugusa wewe. Mbele ya daraja anakaa nginx au programu nyingine ya tovuti, na kazi yake ya asili ni kuandika kila mgeni: saa, anwani ya IP, na njia aliyoomba. Seva yako inaweza kuwa imeshaandika orodha ya watu wote waliopita kwenye Tor kupitia kwako, mstari kwa mstari, pamoja na ile njia ya siri. Tor yenyewe haifanyi hivyo. SafeLogging imewashwa tangu mwanzo, na mahali pa anwani utaona neno [scrubbed]. Kwa nginx lazima uzime mwenyewe, kwa kuandika access_log off ndani ya sehemu ya location inayopeleka kwenye daraja, na logi ya makosa nayo uielekeze /dev/null. Kisha futa zilizokwishaandikwa, pamoja na zile zilizobanwa zenye mwisho wa .gz, ambazo husahaulika.

Sasa nikupe lililonipata mimi. Daraja langu moja lilifungwa katika nchi mbili, nikaamua kulihamishia kwenye anwani mpya. Kampuni niliyokuwa nayo ilikuwa na kitufe cha kunakili diski nzima, nikakibonyeza, na mashine mpya ikawaka na kila kitu kikiwa mahali pake. Nilibadili poti ya obfs4 na kuziondoa funguo za Tor zikazaliwa upya. Nilijiona nimemaliza. Wiki moja baadaye nikaiulizia ile mashine mpya kwenye huduma moja ya ukaguzi wa intaneti, nikatazama alama ya ufunguo wa SSH, ile huduma ya kuingilia seva kutoka mbali, nikaiweka kwenye kisanduku cha kutafutia. Yakaja majibu mawili, anwani ya zamani na mpya, moja chini ya jingine. Ufunguo wa SSH wa mashine hukaa kwenye diski, na unaponakili diski unaunakili nao. Yeyote aliyekuwa ameiandika anwani ya zamani kuwa daraja alikuwa na uwezo wa kuifuata hadi mpya kwa kutafuta mara moja tu. Niliumia, kwa sababu wakati huo walikuwepo watu wakipitia pale wakiamini ni pageni.

Tangu siku hiyo sinakili diski. Naanza na mashine tupu. Kama umeshanakili, futa mafaili ya /etc/ssh yanayoanza na ssh_host_, endesha ssh-keygen -A, kisha uwashe upya huduma ya SSH. Ukienda mbali zaidi, poti ya SSH iruhusu anwani zako tu, au iweke nyuma ya huduma ya onion, inayofikika kupitia Tor tu, isionekane na wakaguzi kabisa.

Mantiki hiyo hiyo ndiyo inayoniongoza kwenye funguo za daraja lenyewe. Ndani ya /var/lib/tor kuna folda ya keys, yenye utambulisho wa daraja, na folda ya pt_state, yenye funguo za obfs4 kwenye faili la obfs4_state.json. Mashine ikiharibika na unaijenga upya kwenye anwani ile ile, rudisha vyote viwili kutoka kwenye nakala yako ya akiba, maana bila hivyo cert inabadilika na kila mtu mwenye mstari wa zamani anabaki nje. Lakini ukihamia anwani mpya kwa sababu ya kufungwa, anza na funguo mpya zote. Waliokuwa na mstari wa zamani hawawezi kukufuata kwenye anwani mpya kwa vyovyote vile, hivyo hawapotezi kitu, na wewe unakuwa umekata uzi unaounganisha mpya na ya zamani. Na kama una wasiwasi kwamba mtu aliwahi kuingia kwenye seva yako kwa mamlaka ya juu, usijaribu kuisafisha. Ifute, uanze upya na funguo mpya, mahali pengine. Nakala ya akiba ifungwe kwa nywila na isikae kwenye akaunti ya wingu yenye jina lako.

Kama unaendesha pia rilei ya kawaida, kuna mstari uitwao MyFamily unaotumika kutaja rilei zote za mtu mmoja. Usilitaje daraja humo. Orodha ya rilei ni ya hadharani, na wewe utakuwa umeiandika siri yako ndani yake kwa mkono wako. Wala usiliweke daraja kwenye anwani iliyowahi kuwa rilei, hata zamani, kwa sababu orodha za kila saa huhifadhiwa kwenye kumbukumbu, na wapo wanaozuia kila anwani iliyowahi kuonekana humo.

Yapo ambayo wewe mwenye daraja huwezi kuyazuia yote. Kampuni inayokukodisha seva inaona mashine yako ikiunganishwa na rilei za Tor, na inajua nani analipa. Hilo lipo, na kwa kawaida halina madhara, kwa sababu trafiki ya daraja haitoki kwenda kwenye tovuti za watu, inakwenda kwenye rilei nyingine tu, na malalamiko ni nadra.

Jambo gumu zaidi ni rilei ya kati. Safari ya mtumiaji ikishapita kwako inakwenda kwenye rilei ya pili, na rilei hiyo inaona anwani iliyoiunganisha. Mwenye nia mbaya akiendesha rilei za kati na kuandika kila anwani inayoleta safari za watumiaji bila kuwemo kwenye orodha ya hadharani, pole pole anakusanya madaraja. Watu wa Tor waliliandika tatizo hili hadharani zaidi ya miaka kumi iliyopita na halijapata dawa kamili. Lakini ukiweza kupata anwani mbili za IP kwenye seva moja, iko nafuu ambayo wachache huitumia: pokea watu kwenye anwani ya kwanza, na utoke kwa ya pili.

OutboundBindAddressOR 203.0.113.20

Hiyo ni anwani ya mfano tu. Weka ya kwako ya pili. Rilei ya kati itaiona hiyo, na atakayeifunga atakuwa amefunga mlango ambao hakuna anayeuingilia. Jitahidi anwani hizo mbili zisiwe jirani kwa namba, kwa sababu wapo wanaofunga mtaa mzima kwa kosa la nyumba moja.

Ukitaka daraja liwe la watu unaowajua tu, andika BridgeDistribution none. Maelezo yatafika Serge na takwimu utaziona, lakini rdsys haitaligawa kwa mtu. Usipotaka hata hilo, PublishServerDescriptor 0 inazuia yasitumwe kabisa. Hapo hatari inahamia kwenye namna unavyowapa watu mstari wa daraja. Uliotumwa kwenye kundi la watu mia mbili si wa siri tena, hata kama kundi lina jina la siri. Picha ya skrini yenye mstari huo ni mstari wenyewe. Na ukitaka kujua kama poti iko wazi, jaribu kutoka kwenye simu yako au kompyuta nyingine, si kwenye zile tovuti za kupima poti, maana unaipa huduma usiyoijua anwani na poti kwa pamoja.

Kwa hali yako wewe, basi, nisingehangaika kuirekebisha seva uliyo nayo. Kwa wiki tatu anwani ile imebeba jina lako na daraja kwa pamoja, na pengine ORPort ilikuwa wazi muda wote. Iache iwe ya tovuti. Zima tor pale, futa /var/lib/tor, na ukodi mashine nyingine tupu, kwa kampuni nyingine ikiwezekana. Iite jina lisilo na maana, funga SSH kwanza kabla hujaweka kitu kingine, kisha ndipo uweke daraja kwa mistari niliyokupa. Watumiaji wachache uliokuwa nao watapewa madaraja mengine, na hao wapya watakaokuja wataingia kwenye nyumba isiyo na kibao mlangoni.

Ukikwama, niandikie. Ila ukinitumia logi, angalia mistari miwili ambayo tor huiandika ikianza kazi. Mmoja una neno fingerprint peke yake, na hiyo ndiyo alama halisi ya daraja. Mwingine una hashed mbele yake. Nitumie huo wa pili tu, na wa kwanza uufute kabla hujabonyeza kutuma.